Kofia ya Prosesa na Wembe wa Mpwa Wangu

Ndugu msikilizaji, juma hili sitazungumzia bei ya mahindi wala ubovu wa barabara. Nitazungumzia kofia. Si kofia ya kitambaa, wala si ile kofia ya madaraka ambayo watu huvalishwa na kuvuliwa. Ni kibati cha shaba kilichopakwa nikeli, ambacho hakizidi ukubwa wa kiberiti, na ambacho hukaa juu ya prosesa ya kompyuta. Kwa ajili ya kibati hicho, mwaka 2015 mpwa wangu hapa Iringa alipoteza fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya bati za nyumba yake, na mzee mmoja aliyekuwa ametoka kumwoza binti yake akashinda kwenye benchi letu wiki tatu akisubiri mkanda wa harusi. Nasema mkanda kwa mazoea tu. Ilikuwa ni diski, lakini wazee wetu bado wanaita mkanda, na mimi siku hizi nimo katika hesabu ya wazee.

Mpwa wangu alikuwa na chumba cha kutengenezea picha za video, karibu na Mashine Tatu. Harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali, yote yalipitia pale. Anayeifahamu kazi ile anajua kuwa kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Baada ya kukata na kuunga, inabidi kompyuta ikae peke yake izipike picha zote pamoja mpaka ziwe filamu moja. Vijana wanaita kurenda. Harusi ya saa nne ingeweza kuchukua usiku mzima, na umeme ukikatika saa tisa za usiku, basi unaanza upya. Kwa mtu wa kazi hiyo, kasi ya mashine si anasa ya watoto wa michezo ya kompyuta. Ni chakula.

Siku moja akanijia na simu mkononi. "Mjomba," akaniambia, "nimegundua mashine yangu inabanwa na joto. Nikiivua kofia, itakimbia."

Nikamuuliza, kofia ipi tena?

Hapo, msikilizaji, ndipo nilipoanza kujifunza historia hii. Nakiri kuwa nilijifunza nusu tu kabla ya kumpa ruhusa, na nusu iliyobaki nilijifunza baada ya hasara.

Tuanze na joto lenyewe. Kazi yote ya prosesa hufanywa na kipande cha silikoni kinacholingana na ukucha wa kidole gumba. Katika prosesa za mwaka 2011, kipande hicho kilibeba transista zinazokaribia bilioni moja. Kila transista inapofunguka na kufungika hutumia umeme kidogo, na umeme ule wote hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima litoke. Linatoka kwenye silikoni, linapita kwenye utandu mwembamba wa pesti au lehemu, linaingia kwenye kofia, linapita kwenye pesti nyingine, linaingia kwenye lile bamba kubwa la mapezi ambalo mafundi wanaliita hitsinki, halafu feni inalipuliza hewani. Ni kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka bombani hadi kwenye nyumba inayoungua. Mmoja tu akiwa mzembe, ndoo zote zinasubiri nyuma yake, hata kama wenzake ni hodari kiasi gani.

Na kwa nini pawe na pesti katikati? Kwa sababu hakuna chuma kilichonyooka kabisa. Ukikiweka juu ya kingine, wanagusana hapa na pale tu, na kwingine kote panabaki hewa, na hewa haipendi kupitisha joto. Pesti inaziba nafasi hizo. Akina mama wanaobeba ndoo wanalijua jambo hili bila kufundishwa: kati ya kichwa na ndoo huwekwa ngata, maana kichwa si bapa. Lakini ngata ikiwa nene mno, ndoo inayumba. Naomba uikumbuke ngata hiyo, tutairudia.

Zamani shida hii haikuwa ya mtu binafsi. Kompyuta ya kwanza ya nchi yetu ilifungwa Hazina mwaka 1965, mashine ya kampuni ya ICT ya Uingereza. Mashine za kizazi kile zilijaza chumba, na palipohitajika ubaridi kilichopozwa ni chumba kizima, pamoja na makarani waliokuwamo. Baadaye ikaja mashine kubwa zaidi, hesabu za serikali zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Kama kosa lilikuwa la mashine au la sisi tulioipa kazi bila kujiandaa, watu wazima waliokuwapo walibishana kwa miaka mingi. Ninachoweza kusema ni kwamba mafundi wa rika langu walikua wakifungua redio, baiskeli na cherehani. Kompyuta hawakuifungua, kwa kuwa haikuwapo. Marufuku ile ililegezwa baadaye, na kompyuta za mitumba zilipofika kwa wingi, tuliwakuta vijana wetu wanajifunza kwa namna moja tu: kuifungua na kutazama. Wapo waliokuwa mafundi hodari kwa njia hiyo. Wapo pia waliojifunza kwa kuua. Simlaumu mpwa wangu kwa kushika wembe. Ni katika ukoo wa mafundi hao alimozaliwa.

Lakini turudi kwenye kofia. Prosesa ya kwanza ya Intel, ile 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 tu. Joto lake lilikuwa dogo kiasi kwamba hakuna aliyewaza kuiwekea feni. Mambo yakaenda hivyo kwa muda mrefu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 prosesa za aina ya 486 zenye kasi kubwa zikaanza kuhitaji mapezi ya kupoza, na zile Pentium za kwanza za mwaka 1993 zikawa zinatoa takriban wati 15. Leo tunazicheka wati 15. Wakati ule watu walishika vichwa.

Jambo jingine likaingia: tamaa ya kasi. Prosesa ina saa ndani yake inayoipigia mdundo, na mtu akiuharakisha mdundo, prosesa hufanya kazi haraka kuliko ilivyoandikwa dukani. Wenyewe wanaita kuovakloki. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakagundua kuwa ukiubadilisha mwendo wa njia yake kutoka megahezi 66 kwenda 100, nyingi kati yake zinakwenda megahezi 450 bila kulalamika. Nusu zaidi ya ulicholipia! Ni kama kununua gunia la kilo 100 ukafika nyumbani ukakuta kilo 150. Tangu hapo ugonjwa huo haukupona.

Ila kasi ina gharama. Ukiharakisha mdundo, joto linapanda. Mara nyingi prosesa haikubali kwenda kasi mpaka uiongezee nguvu ya umeme, na hapo joto linapanda maradufu kwa hesabu mbaya: ukiongeza volti kwa sehemu 1 katika 10, joto linaongezeka kwa zaidi ya sehemu 2 katika 10, kabla hujahesabu lile la mdundo. Ndiyo maana wanaotafuta rekodi humwagia prosesa naitrojeni ya maji. Mwaka 2011 prosesa ya AMD ya aina ya FX ilifikishwa gigahezi 8.429 kwa baridi kali ya namna hiyo. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia wakati ule, lakini mashine ya namna ile huwezi kutengenezea mkanda wa harusi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Kulikuwa na wakati ambapo prosesa za mezani hazikuwa na kofia kabisa. Mwaka 2000 Pentium III za aina mpya na Athlon za AMD zilikuja silikoni ikiwa wazi, inang'aa kama kioo, na hitsinki ikakaa moja kwa moja juu yake. Kwa upande wa joto, hakuna njia fupi kuliko hiyo. Kwa upande wa mikono ya binadamu, ilikuwa balaa. Hitsinki ilibanwa kwa klipu ngumu ya chuma ambayo ilibidi uisukume kwa bisibisi. Ukiegemea upande mmoja, pembe ya silikoni inameguka, na prosesa imekufa. AMD wakaweka vipande vinne vya mpira kwenye pembe ili kupunguza ajali, lakini pembe ziliendelea kumeguka. Na mtu akiwasha Athlon ya wakati ule bila hitsinki, inaungua kabla hajamaliza kusema samahani.

Kwa hiyo kofia ikaenea. Pentium 4 zilikuwa nayo tangu mwishoni mwa mwaka 2000, Pentium III za mwisho zikavalishwa mwaka 2001, na Athlon 64 zikaja nayo mwaka 2003. Kofia ile ina kazi mbili. Inalisambaza joto kutoka kwenye kipande kidogo kwenda eneo kubwa, kama sufuria yenye kitako kizito inavyofanya ugali usiungue katikati. Na inaikinga silikoni dhidi yako wewe na bisibisi yako. Mimi naamini kazi ya pili ndiyo iliyoirudisha. Watengenezaji walichoka kurudishiwa prosesa zilizomeguka.

Na mara tu kofia ilipovalishwa, wakatokea watu wa kuivua. Wenye Athlon 64 walichukua wembe, wakakata gundi pembezoni mwa kofia taratibu, wakaiondoa. Wengine wakajaribu hivyo hivyo kwa Pentium 4, na hapo ndipo kilio kilipoanza, kwa sababu nyingi kati ya hizo hazikuwekwa pesti ndani. Kofia ilikuwa imelehemewa kwenye silikoni. Ukiivuta kofia, inang'oka na silikoni yake.

Naomba hapo uweke alama, kwa sababu ndipo alipoangukia mpwa wangu miaka mingi baadaye.

Lehemu inayotumika humo ni ya indiamu, chuma laini kinachoyeyuka kwenye nyuzi 156 hivi za Sentigredi. Inapitisha joto vizuri sana kuliko pesti. Prosesa za Intel za kizazi cha mwaka 2011, zile ambazo namba zake zinaanza na 2 kama i7-2600K, zililehemewa hivyo, na watu waliziovakloki kwa raha. Mwezi Aprili 2012 kikaja kizazi kipya, namba zake zinaanza na 3, kama i7-3770K. Silikoni yake ilikuwa imepungua kutoka milimita za mraba 216 hadi 160. Watu wakaisubiri kwa hamu, maana ilitumia umeme kidogo zaidi. Walipoipandisha kasi wakakuta inachemka kuliko kaka yake. Wakashangaa. Wakaifungua. Ndani wakakuta lehemu imeondolewa, imewekwa pesti ya kawaida ya kijivu.

Makelele yaliyotokea hapo si madogo. Wengi walisema ni ubahili, kwamba mtu anauza kitu ghali anakuja kubania senti za lehemu. Wapo waliotetea: silikoni ikiwa ndogo, lehemu hupasuka baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi, kwa hiyo pesti ni salama zaidi kwa miaka. Mimi sioni kwa nini hoja zote mbili zisiwe na ukweli ndani yake. Kilichonivutia ni jambo lililogunduliwa na wale waliopima kwa subira badala ya kupiga kelele. Waligundua kuwa pesti yenyewe haikuwa mbaya sana. Kilichokuwa kibaya ni pengo. Gundi nyeusi iliyoshikilia kofia pembezoni ilikuwa nene, ikainyanyua kofia kwa unywele, na pesti ikabaki imejaza nafasi kubwa kuliko ilivyopaswa. Ngata ilikuwa nene mno! Ukiikwangua ile gundi yote na kuirudisha kofia ikae chini kabisa, hata kwa pesti ya kawaida joto linashuka. Ukiweka chuma cha maji, yaani mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati ambao hauhitaji moto ili uyeyuke, prosesa iliyopandishwa kasi inaweza kushuka nyuzi 20 na hata zaidi.

Kwa hiyo neno kuvua kofia linapotosha. Wengi waliovua, walivalisha tena. Walichokitafuta ni kuondoa pengo.

Sasa niseme yaliyotokea Mashine Tatu. Kizazi cha 2011 na cha 2012, msikilizaji, vinaingia kwenye soketi moja. Ukiziweka mezani bega kwa bega, kwa nje zinafanana kama mayai, isipokuwa maandishi madogo yaliyochorwa juu ya kofia. Mpwa wangu alisoma habari za ya 2012. Aliyokuwa nayo, aliyonunua mtumba, ilikuwa ya 2011. Akili yake ikamwambia kuwa kama soketi ni moja, basi na matumbo ni mamoja. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikinywa chai. Nilimwuliza kama ana hakika, akasema ana hakika, nikaridhika. Hilo ni kosa langu. Swali la kumwuliza lilikuwa: namba yake inaanza na ngapi?

Alitumia wembe mpya. Alikata pande zote nne vizuri, mikono haikutetemeka. Kofia haikutoka. Akaingiza wembe tena, akainua. Tukasikia mlio mdogo kama wa mtu anayevunja biskuti. Kofia ilitoka, na chini yake, imeng'ang'ania kama kupe, ilikuwa silikoni yote, imepasuka vipande viwili.

Hakusema neno. Alikaa akaitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Picha za harusi zilikuwa salama kwenye diski, hilo tushukuru. Lakini harusi ya yule mzee ilikuwa imekatwa nusu, na mashine nyingine ya kazi ile hapakuwa nayo. Mzee alifika kesho yake. "Kamwene," akasalimia, akakaa kwenye benchi. Akaelezwa. Akasema atasubiri. Siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Hakugomba hata siku moja, na ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa. Mama yake mzazi, bibi yake bi harusi, alikuwa Kilolo, miguu imemchoka, hakuweza kuhudhuria, na mzee alikuwa amemwahidi kuwa atamletea harusi yote nyumbani. Kila jioni alirudi kwao mikono mitupu.

Mpwa wangu akachukua fedha za bati, akaagiza prosesa Kariakoo, nayo ikaja kwa basi. Ilipofika tuliisoma namba yake sote wawili kwa sauti, kama watu wanaosoma hati ya kiwanja. Ilianza na 3.

Unadhani alikimbilia wembe? La hasha. Kwanza alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akaitoa hitsinki, akaitazama. Msikilizaji wa Iringa anajua vumbi letu la kiangazi, jekundu, linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Katikati ya mapezi palikuwa na tabaka la vumbi nene kama blanketi. Pesti ya nje, ile iliyo kati ya kofia na hitsinki, ilikuwa imekauka ikawa unga. Akasafisha kwa brashi, akapaka mpya, akafunga. Mashine ambayo siku zote ilikuwa inakaribia nyuzi 90 ikawa inarenda ikiwa na nyuzi 70 na kitu, kofia ikiwa kichwani na kasi ikiwa ile ile ya kiwandani. Nikamwangalia, akaangalia pembeni.

Tulizungumza pia juu ya hewa yetu. Joto la prosesa siku zote ni joto la chumba pamoja na nyongeza. Mwezi Juni na Julai chumba chake asubuhi hakifiki hata nyuzi 18, wakati ndugu yetu wa Dar es Salaam anafanya kazi kwenye nyuzi 30. Hizo nyuzi 12 ni sawa na faida ambayo wengine wameitafuta kwa wembe, na sisi tumepewa bure na mlima. Usishangilie sana, maana Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo feni inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko. Mlima unatoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kidogo kwa wa kushoto. Hata hivyo hesabu inabaki upande wetu.

Alimaliza ile harusi kwanza. Ndipo miezi kadhaa baadaye, kazi zilipopungua, akarudi kwenye jambo lake. Naomba nisifiche, alilifanya na akafaulu. Alijizoeza kwenye prosesa za zamani zilizokufa, moja baada ya nyingine, mpaka akajua wembe uingie kiasi gani bila kugusa nyaya nyembamba za bodi ya kijani. Wengine hutumia jiliwa: wanaibana kofia, wanaweka kibao cha mti ubavuni mwa bodi, wanagonga kwa nyundo mpaka gundi iachie. Yeye hakutaka kusikia habari za nyundo. Chuma cha maji hatukukipata Iringa, na labda ni heri, kwa sababu galiamu hula alumini kama mchwa wanavyokula mlango, na kwa kuwa inapitisha umeme, tone moja likidondoka pabaya linaunguza kila kitu. Kwenye prosesa za mwaka 2013, ambazo zina vipande vidogo vya umeme pembeni ya silikoni chini ya kofia, watu walilazimika kuvipaka rangi ya kucha kwanza. Rangi ya kucha ndani ya kompyuta! Dada zetu hawajui wamechangia nini katika sayansi.

Yeye aliikwangua gundi yote, akapaka pesti ya kawaida kidogo sana, akairudisha kofia. Akapandisha kasi hadi gigahezi 4.4. Kabla ya hapo, kwa kasi hiyo, ilifika nyuzi 93. Sasa ikasimama kwenye 79. Ukubwa wa pengo lililoondolewa huwezi kuuona kwa macho. Inambidi abadilishe pesti ile kila baada ya muda, maana silikoni ikipata moto na kupoa huisukuma pembeni, lakini analijua hilo na analifanya.

Watengenezaji nao walisikia kelele. Mwaka 2014 Intel ilitoa prosesa yenye pesti bora na ikalitangaza jambo hilo kwa jina. Mwaka 2018 ikarudisha lehemu kwenye prosesa zake kubwa za mezani. AMD ilikuwa imelehemu Ryzen zake za mezani tangu mwaka 2017, lakini zilipotoka zile za mfululizo wa 7000 mwaka 2022, kofia yake ilikuwa nene sana, na Mjerumani anayejulikana kwa jina la der8auer, bingwa wa kazi hizi, akaivua na kuonyesha tofauti ya karibu nyuzi 20. Kwa hiyo mambo bado. Ila mtu wa kununua kitu kimoja kwa miaka mitano afahamu kuwa akishaingiza wembe, dhamana ya duka imekwisha saa ile ile, na hakuna muuzaji atakayemsikiliza.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa na kompyuta ya mapajani, usihangaike kutafuta kofia. Hiyo karibu siku zote haina. Tangu kiwandani, silikoni yake imewekwa wazi chini ya bomba la shaba. Ikikuunguza miguu, mwite fundi atoe vumbi na abadilishe pesti, na umwambie asiegemee upande mmoja anapokaza skrubu.

Yule mzee alipata diski yake mwisho wa wiki ya tatu. Mpwa wangu hakumdai salio. Kabla ya kuondoka, mzee aliomba aonyeshwe hicho kitu kilichomkalisha benchi siku zote zile. Mpwa wangu akafungua droo, akampa ile kofia, na silikoni iliyopasuka ikiwa bado imeng'ang'ania chini yake. Mzee akaigeuza kwenye kiganja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaikwaruza kidogo kwa ukucha.

"Na harusi yote ilipita humu?" akauliza.

Tukamwambia ndiyo, ilipita humo. Akaiweka juu ya meza polepole, akaifunga diski yake kwenye kitambaa, akaenda kutafuta gari la Kilolo.